Suruali ya Chumvi

Baba mkwe wangu anafuga ng'ombe Mubende, Uganda, na mkwe akikutuma hukatai. Aliposikia napita Kasese kikazi akapiga simu: "Mwanangu, niletee jiwe la chumvi la Katwe. Jiwe, si unga!"

Ziwa Katwe limekaa ndani ya kasoko ya volkano, halina mto wa kutokea. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Ya kutia kwenye mboga huvunwa kando, kwenye vidimbwi. Mwamba wa chumvi uko chini kabisa. Wanaume huingia majini na mitaimbo, wakaubandua vipande vipande. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Ya watu au ya ng'ombe?"

Nikasema ya ng'ombe. Akanitilia guniani pande la kijivu, bado linachuruzika maji.

Mwenye bodaboda hakuwa na kamba. "Libebe mapajani, mzee, si mbali." Si mbali! Halafu mvua ikatukuta njiani. Gunia likalia machozi yote kwenye suruali yangu, na kila mkwaruzo niliokuwa nao mwilini, hata ile niliyoisahau, ukaamka.

Kona moja mbele, ng'ombe wa Basongora, wafugaji wa huko, wamejaa barabarani, pembe juu. Pikipiki ikazimwa. Mmoja akasogea, akanusa, akanilamba goti. Ulimi ni msasa mtupu! Wenzake wakapata habari.

"Ssebo, usiwapige!" alisema kijana wa bodaboda, naye tayari yuko ng'ambo ya mtaro.

Chumvi hii wafalme waliigombania. Lugard, kapteni Mwingereza, mwaka 1891 alijenga ngome Katwe ili aishike. Mimi ngome yangu ilikuwa gunia lililotoboka. Basi nikalambwa. Gunia, mapaja, mkanda. Ndama mmoja akaamua soksi ni yake, na hakutaka mjadala.

Mchungaji alifika polepole, akaegemea fimbo yake, akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka akawafukuza kwa mluzi mmoja tu, mluzi ambao angeweza kuupiga tangu mwanzo.

Nikafungua gunia. Pande la mkwe limebaki la kutosha mbuzi mmoja, tena mwenye adabu. Mchungaji hata hakulitazama. Alikuwa anakagua mapaja yangu, pale kitambaa kilipoanza kukauka na kuwa cheupe.

"Mzee," akasema kwa heshima zote, "hiyo suruali unauza?"

Nikamwuliza anatoa ngapi.