Tuige kitabu cha begini, mengine tuwaachie Waingereza

Sisi tulioko Uingereza tukienda likizo Mtwara au Lindi huwa wepesi wa kusema shule za nyumbani zifundishe kusoma kama za huku. Mimi napinga, ila kwa jambo moja tu.

Mtoto wa huku ana herufi 26 za kubeba sauti zipatazo 44, na sauti moja huandikwa kwa namna nyingi. Ndiyo maana tangu 2012 watoto wa miaka mitano na sita hupimwa mwezi Juni kwa maneno 40, na 20 kati yake hayana maana yoyote, yametungwa ili asiyejua sauti asiponee kwa kukariri. Kiswahili hakina mzigo huo. Mtoto wa Newala akishika irabu tano pamoja na m, k, t, l na b, tayari anasoma kuku, meli, boma, kitabu.

Kinachotukwamisha ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anaandika ba be bi bo bu, darasa linaimba. Futa, andika bu peke yake, utasikia "ba", kwa sababu walichoshika ni mpangilio. Andika silabi kwenye vizibo vya soda, vichanganye, kila mtoto aokote viwili na kuviunganisha: kata. Akivigeuza anapata taka, na hapo ndipo anaona herufi zinavyofanya kazi. Tusimfundishe kuanza na majina ya herufi pia, maana neno baba atalisoma "be-a-be-a".

M inayosimama peke yake inasumbua: mtu huwa "mutu". Apige kofi kwa kila silabi, m-twa-ra, makofi matatu. Ng na ng' zingoje mwisho. Na mtoto wa Kimakonde akisoma "kalatasi", asikatizwe, hiyo ni lafudhi. Arekebishwe kwenye imla.

Cha kuiga ni kitabu cha begini. Huku mtoto hupewa kitabu chembamba chenye herufi alizokwisha kufundishwa tu, akisome nyumbani, na mzazi atie saini kwenye kidaftari. Kwetu vitabu vinafungiwa kabatini visichanike! Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara mbili, ikabanwa pini katikati na kukatwa juu, inatoa kurasa nane. Sentensi moja kila ukurasa inatosha. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza: mjukuu atembeze kidole chini ya maneno, akisita aanze sentensi upya.

Vitabu hivyo vingesaidia zaidi Oktoba hadi Desemba, familia zinapohamia mashambani kwa msimu wa korosho na mahudhurio kushuka. Mwalimu anayepanga konsonanti zote ziishe Septemba, akaacha miezi hiyo kwa marudio, mtoto wake akikosa wiki mbili hapotezi sauti mpya hata moja.