Upande wa Msokoto Hauamuliwi na Molekuli Peke Yake

Mwaka 1848 Louis Pasteur alitumia hadubini na kibano kutenga, moja moja, fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki katika mafungu mawili yaliyofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Alipoyayeyusha, fungu moja liligeuza bapa la mwanga, yaani bapa ambamo mawimbi yake hutetemeka, kulia, la pili kushoto. Leo tunatengeneza nyuzi zenye upana wa nanomita chache, ambazo molekuli zake hujipanga zenyewe kwa msokoto na kutoa mwanga unaozunguka kama skrubu.

Faida yake si ndogo. Skrini nyingi za OLED, zile ambazo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, huwekewa kichujio cha kuzuia mng'ao wa nje, nacho hula takriban nusu ya mwanga wa skrini yenyewe. Mwanga unaotoka ukiwa tayari umezunguka upande unaotakiwa ungepita bila hasara hiyo. Kipimo cha mzunguko huo, g, huanzia -2 hadi +2, alama ikionyesha upande na sifuri ikimaanisha hakuna mzunguko, ilhali molekuli nyingi za kikaboni zikiwa pekee huishia kwenye 0.001 au 0.01. Zikijipanga pamoja, g inaweza kupanda mno.

Hata hivyo, naamini tunaitukuza mno molekuli na kuusahau ufumaji, yaani jinsi molekuli zinavyounganishwa pamoja. Anayesokota kamba ya makumbi anajua kwamba nyuzi zilezile hutoa kamba ya kulia au ya kushoto kutegemea mkono ulivyosukuma pajani. Mwaka 2001 watafiti wa Barcelona walionyesha jambo la namna hiyo kwa porfirini, molekuli za rangi zenye umbo la pete, ambazo zenyewe si za kulia wala za kushoto: zilipokuwa zikiungana, mwelekeo wa kuukoroga myeyusho ndio uliotawala upande wa msokoto.

Kwa hiyo kasi ya kupoza, kiyeyushi na mwelekeo wa kukoroga vinastahili kuandikwa katika ripoti za utafiti kwa uzito uleule wa muundo wa molekuli, wala visifichwe katika sentensi moja ya mbinu. Na g isitangazwe bila kusema ni kiasi gani cha mwanga kinachotoka, kwa kuwa g kubwa ya mwanga hafifu haimulikii mtu skrini. Tena nyuzi zilizolala upande mmoja juu ya kioo hudanganya kifaa cha kupimia: sampuli na igeuzwe chini juu, ipimwe upya, na alama ya g ikibadilika, tusiuite huo msokoto.