Mwacheni mama alie ibadani

Jumapili iliyopita, katikati ya kipindi cha sifa, kiongozi alituamuru tugeuke: "Mwambie jirani yako, mtoto wa Mungu halii!" Jirani yangu alikuwa mama aliyetoka kumzika mwanawe. Mimi sikumwambia kitu. Lakini mhudumu mmoja alimfuata, akamwinamia na kumnong'oneza kwamba machozi yanampa adui nafasi. Mama akajifuta upesi, akainua mikono. Watu wakashangilia. Ushindi huo!

Nina hasira tangu siku hiyo na sitaificha.

Nani alitufundisha kwamba Mungu hupokea vicheko tu? Si Biblia. Soma Zaburi ya 88, mistari yote 18. Mwombaji analia mchana na usiku, anamuuliza Bwana kwa nini anaitupa nafsi yake na kumficha uso, anasubiri, halafu zaburi inaishia gizani. Basi. Hakuna "lakini nitakusifu" mwishoni. Wala si maneno ya mtu aliyerudi nyuma akayaandika kwa kujificha. Juu yake imeandikwa kuwa ni zaburi ya wana wa Kora, amekabidhiwa mwimbishaji. Yaani watu wa Mungu waliuweka uchungu huo kwenye nyimbo zao za ibada, uimbwe kwa sauti. Sijui kiongozi wetu angeuanzia wapi, na makofi angeyaweka ubeti upi.

Ayubu naye aliilaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walifanya jambo moja la maana: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo wakaharibu. Kila mmoja na somo lake, kila mmoja akimtetea Mungu ambaye hakuwaomba utetezi. Mwishoni Bwana aliwakasirikia wao, akasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa. Ayubu yule mlalamishi! Ningependa wahudumu wote wapewe sura ile ya 42 kabla ya kupewa beji.

Na Hana, alipokuwa akiomba kwa uchungu, kuhani Eli alidhani amelewa. Mambo haya hayakuanza jana.

Najua kuna atakayenitajia Paulo na Sila, waliomwimbia Mungu gerezani usiku wa manane na migongo ina majeraha. Haya, nakubali. Shukrani katika dhiki ipo, na nimewaona watu wakiimba kando ya jeneza kwa imani ambayo sina haki ya kuihoji. Lakini hakuna aliyewasimamia Paulo na Sila na maikrofoni. Waliimba wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni picha ya Mungu tunayompa yule mama. Tunamhubiria pendo lisilo na masharti, kisha tunamwekea sharti mlangoni: ingia ukiwa umetabasamu. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa. Hayo ni malalamiko, tusiyapambe. Yesu hakumkemea hata mmoja. Alijua fika kwamba Lazaro atatoka kaburini muda si mrefu, na bado alilia. Kama aliyeushika ufufuo mkononi alilia, huyu mama anayeungojea mnamnyamazisha kwa mamlaka gani?

Anayemlilia Mungu bado anaamini kuna anayesikia. Mimi wananitia hofu zaidi wale waliofundishwa kutabasamu hadi siku wanapoacha kuja, nasi tukasema wamepoa kiroho.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapangaji wa ibada ni dogo. Msiba ukitokea, punguzeni wimbo mmoja wa kuruka. Mtu asome Zaburi ya 88 mpaka mwisho, asiongeze neno, kisha kanisa likae kimya kidogo. Na kama kiongozi wa sifa hawezi kukaa kimya, mpeni maji anywe.