Mtungi Wangu na Bwana Wastani

Gesi imeniishia maharage yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kulegea. Ingeisha asubuhi kwenye chai ningenyamaza. Chai ni maji tu, lakini maharage mtu kayaloweka tangu jana!

Nikavaa kanzu ya Ijumaa, maana ukibeba mtungi mtupu na kaptura watu hudhani umeuiba, nikautia begani hadi dukani. Muuzaji hata macho hakunyanyua. "Mjomba, gesi hamna. Lori liko njiani, linatoka Dar."

Linatoka Dar! Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa mwaka 1982, hapo Msimbati tu, bomba la kuipeleka Dar likazinduliwa 2015, kilomita zaidi ya mia tano. Na mimi wa Mtwara nasimama juani nisubiri gesi ipande lori inirudie!

Palikuwa na kijana, shati kachomekea, anakunywa soda ya baridi taratibu kama anayelipwa kuinywa. "Shikamoo mzee. Ile ya Msimbati ni gesi asilia. Ya mtungi ni gesi nyingine."

"Marahaba. Na korosho zetu nazo ni nyingine?" Maana zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam, na mimi nikizitaka zilizobanguliwa napimiwa kama dawa ya kikohozi.

Akafuta mdomo. "Lakini uchumi unakua, mzee. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituweka uchumi wa kati. Pato la kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Na wanaonyonya?"

"Nao wamo."

Nikauteremsha mtungi. Nyumbani tuko saba. Nikamwomba apige hesabu kwenye simu: dola 7,560. Basi nikamuuliza kwa upole, sauti ile ya kwenda kuposa, zinachukuliwa ofisi gani, na je, barua ya mjumbe inatosha?

"Hapana mzee, huo ni wastani."

"Ndiye anayezitunza?"

Duka zima likaangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kijana akanieleza kwamba ukichukua mwenye ghorofa kule Shangani, ukamjumlisha na mimi, ukagawa kwa mbili, mimi tajiri. Nikamwambia vizuri, kampe na yeye hizo habari.

"Vumilia mzee, ukizidi kukua utakufikia na wewe."

"Ukue mpaka wapi, mwanangu? Mkorosho wenyewe hufika mahali ukaacha kurefuka, ukazaa. Busha ndilo halijui kuacha!"

Hapo kofia ilishadondoka. Nikasema na mengine ambayo muuzaji ameniomba nisiyarudie, na mimi nina deni lake la sukari. Umeme ukakatika, friji ikanyamaza, kijana akakumbuka ana kikao.

Nikarudi na bodaboda. Dereva akadai nauli ya watu wawili, eti mtungi nao umekaa. Nikabishana naye mpaka kona ya msikiti, halafu nikanyamaza ghafla. Kama mtungi ni abiria, basi na wenyewe ni kichwa. Tuko nane. Nilikuwa bado nahesabu kwa vidole, dola 1,080 mara nane, tulipofika nyumbani. Mama Zuhura kasimama mlangoni, mwiko mkononi.