Ndugu wodini: tufunge geti au tuwape sabuni?

Yakizungumzwa maambukizi ya hospitalini, wa kwanza kulaumiwa ni ndugu: wanajaa wodini, wanakalia vitanda, wanaingia na mahotpoti. Lawama hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata maambukizi humo humo. Nchi tajiri ni 7. Bakteria kama Staphylococcus aureus na Acinetobacter huweza kuishi kwenye chuma cha kitanda au kitambaa kikavu kwa wiki, hata miezi. Na huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, baridi ya Juni na Julai ikibana, madirisha hufungwa na mgonjwa huletewa blanketi la nyumbani.

Lakini mwondoe ndugu, halafu uulize nani atamgeuza mzee aliyevunjika nyonga saa nane usiku, wauguzi wakiwa wachache na wodi imejaa. Ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha, anayemwaga mfuko wa mkojo ukijaa. Ugumu wenyewe uko hapo: anafungua koki ya mfuko, anamwaga kwenye ndoo, kisha kwa mkono uleule anashika kijiko cha uji. Hakuna aliyemwelekeza.

Hata hivyo, mkono wa ndugu hushinda kwenye kitanda kimoja. Wa daktari kwenye raundi hupita vyote. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kuwa wanawake waliojifungua walikufa zaidi kwenye wodi ya madaktari, waliotoka kupasua maiti, kuliko ya wakunga. Madaktari walipoanza kunawa kwa maji ya klorini, vifo vilishuka sana.

Kwa hiyo geti nalikubali kwa umati, ikiwemo kwaya nzima ya kanisa inayokuja kuombea (najua kutokwenda kumwona mgonjwa huku hukumbukwa miaka). Anayeuguza abaki, awe mmoja, aelekezwe kunawa siku mgonjwa anapolazwa. Kitakasa mikono hospitali inaweza kuchanganya yenyewe kwa spiriti, gliserini na haidrojeni peroksaidi, ingawa mkono wenye uchafu unaoonekana unataka sabuni na maji. Kibali cha mtu mmoja kwa kila kitanda kinaweza kuanza hata kesho. Bomba la wodini lisilokauka ndilo linalohitaji bajeti, na kwenye hilo ndugu hana kosa.