Rimoti ya kuwashia gari: ujifungie au umwachie fundi?

Wanaotetea mwenye gari kujifungia rimoti mwenyewe husema kifaa chenyewe ni kisanduku kimoja cha kuficha chini ya dashibodi, nyaya kumi na kitu, na kijitabu cha maelekezo. Mafundi wa umeme wa magari hujibu kwamba waya mmoja ukikosewa, kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imeungua. Wote wana hoja, ila wanabishana kana kwamba magari yote ni sawa. Kabla ya kununua chochote, tazama vitu viwili: aina ya ufunguo na aina ya gia.

Ufunguo wa chuma kitupu hauna ugumu. Kifaa kikipeleka umeme kwenye nyaya zilezile ambazo swichi ya ufunguo huzipelekea, injini inawaka. Ufunguo wenye chipu ni habari nyingine. Gari huisoma chipu kwa koili iliyozunguka tundu la ufunguo. Isipoiona, stata itazunguka bila injini kushika, au injini itashika sekunde moja mbili kisha izime. Hapo unahitaji kisanduku cha pili cha kuipita imobilaiza, yaani huo ulinzi wa wizi unaosoma chipu. Cha zamani hufichiwa ndani yake ufunguo wa akiba. Kipya hujifunza msimbo kupitia nyaya za data, na vingi hupakiwa programu kwa kompyuta kabla ya kufungwa. Kwenye programu hiyo fundi ana haki ya kujidai, kwa sababu anavyo vifaa vya kuipakia na anaijua tofauti ya toleo moja na jingine. Ufunguo wa akiba nao una gharama ambayo wauzaji huipitia harakaharaka: umeacha chipu halali ndani ya gari, na mwizi anayejua pa kupapasa amepunguziwa kazi.

Gia za mkono ndizo zinazotia mashaka zaidi. Gari lililoachwa kwenye gia likipigwa stata bila dereva, linaruka mbele. Seti zilizotengenezwa kwa magari hayo hudai utaratibu kila unapoegesha: gia nyutro, hendibreki juu, toa ufunguo injini ikiwa bado inanguruma, shuka, funga milango, ndipo injini izimwe. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, ruhusa ya kuwasha inafutika. Kwa hiyo kihisi cha mlango lazima kifanye kazi kwenye kila mlango, pamoja na ule wa nyuma. Seti isiyo na utaratibu huo haifai kwa gia za mkono, awe anafunga fundi au mwenye gari.

Tuseme gari ni la gia otomatiki na umeamua kujifungia. Kazi kubwa ni kuzitambua nyaya, na hapa mtu mtulivu mwenye siku nzima anaweza kumshinda fundi mwenye foleni. Tumia maltimita ya dijitali. Tasta ya balbu iache, kwa kuwa balbu hunyonya umeme mwingi na inaweza kuharibu saketi za kompyuta au kuchochea eabegi. Weka kipimo cha volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi, nyekundu kwenye waya unaoupima nyuma ya swichi ya ufunguo, na mtu wa pili auzungushe ufunguo. Waya wa betri husoma volti 12 muda wote. Wa stata husoma sifuri mpaka stata inapopigwa. Wa ignisheni (unaolisha injini) na wa aksesari (unaolisha redio na vingine) hufanana ufunguo ukiwa ON, na hapa ndipo wengi huteleza: stata inapozunguka, ignisheni inabaki na umeme, hata kama namba itashuka kidogo, ilhali aksesari inaanguka hadi sifuri. Ukizibadilisha, stata itazunguka na injini haitashika. Magari mengi yana ignisheni ya pili; ukiisahau, feni ya hewa haitapuliza au taa za onyo zitajaa dashibodi. Andika kila usomaji kwenye karatasi. Majedwali ya rangi za nyaya ni mwongozo tu, maana rangi hubadilika hata kwa gari la mwaka uleule.

Nyaya zenye soketi au mpira wa njano chini ya usukani usiziguse. Kwa kawaida hizo ni za eabegi. Ukimaliza vipimo, toa tominali hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kukata chochote.

Kwenye kuunga, tunawalaumu mafundi kadhaa sawa na wanaojifungia. Nyaya zinazobeba umeme wa stata na ignisheni hupitisha ampea nyingi, na kiungo cha kusokota na kufunga tepu hulegea kwa joto na mtetemo. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuukwangua navyo hulegea. Lehemu kwa risasi, kisha tepu ya umeme. Fyuzi za seti ziwe karibu na chanzo cha umeme, na eathi iwe kwenye boliti yake, rangi ikiwa imekwanguliwa.

Kifaa lazima kijue kuwa injini imeshika, la sivyo kitaendelea kupiga stata na meno ya stata yatasagana. Waya wa mizunguko ya injini hupimwa kwa volti za AC: huwa kati ya 1 na 6 injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na namba hupanda ukikanyaga mafuta. Baadhi ya seti husoma volti ya betri badala yake, njia rahisi ila hukosea betri inapochoka.

Waya wa breki na swichi ya boneti ndivyo vinavyorukwa zaidi na mwenye haraka. Cha kwanza huzima injini mtu asiye na ufunguo akikanyaga breki; cha pili huzuia stata wakati mkono wa fundi uko kwenye mkanda wa feni. Wala usijaribu kifaa ndani ya gereji iliyofungwa: moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka.

Jaribio la mwisho lifanyike mahali tupu, magurudumu yamewekewa kabari na hendibreki imevutwa. Ufunguo ukiwa ON, weka gia kwenye D, toa mguu kwenye breki lakini uwe tayari juu yake, kisha bonyeza rimoti. Stata isiitike. Kwenye baadhi ya magari ulinzi huo ni wa kimakanika, umo ndani ya swichi ya ufunguo, na rimoti huupita bila kuuona. Ikipiga hata mara moja, kanyaga breki, chomoa kifaa, na gari lisiwashwe kwa rimoti mpaka waya wa kutambua P na N uunganishwe.