Bango si kibao

Juzi nilimwelekeza shangazi kwa simu: "Shuka kwenye bango, kata kulia." Akashuka vituo viwili kabla, penye ubao wa fundi cherehani, akaingia uchochoroni kwa watu. Aliponipigia alikuwa mkali: "Si umesema bango, baba? Mbona nimesimama chini yake!"

Sikuwa na la kumjibu. Neno bango tumelitwisha mizigo mno. Lile dude lenye miguu ya chuma kando ya Barabara ya Nyerere, linalouza bia leo na bando kesho, ni bango. Kitambaa wanachopita nacho wafanyakazi mbele ya jukwaa siku ya Mei Mosi, bango. Kipande cha boksi anachokiinua mama mkutanoni ili rais asome kilio chake cha kiwanja, nacho bango. Mombasa ndiyo kabisa: ukilitaja, mwenzako anaweza kuanza kukusimulia muziki uitwao bango, wa Mzee Ngala na saksafoni yake.

Mimi bango ninalolipenda ni lile lenye mtu chini yake. Ndiyo maana tunasema fulani amelishikia bango jambo, yaani kalikazania, haliachii mpaka lijibiwe. Sijawahi kusikia msemo uliozaliwa na tangazo la sabuni.

Lakini kwa mwenye duka, tofauti hizi ni za mfukoni. Mwaka 2017, ukusanyaji wa ada za mabango ulipohamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kinyozi wangu aliuliza swali ambalo hakuna mteja aliyelimaliza: "Haya maandishi niliyopaka mwenyewe ukutani, nayo bango?" Kampuni ya simu inatangaza kuuza. Yeye anaonyesha tu mlango uko wapi. Kuwaita wote wawili wenye mabango ni kumwonea.

Kwangu mimi, cha kinyozi kiitwe kibao. Najua, kibao nacho hakina raha: ni kofi, ni wimbo uliovuma, ni watu kibao, halafu jikoni kinakuna nazi. Ila angalau hakuna atakayekichanganya na lile dude la Barabara ya Nyerere.

Shangazi nilimfuata mwenyewe. Safari ijayo nitamwambia ashuke kwenye mwembe, ingawa nao una karatasi ya mganga imepigiliwa misumari.